Damu ya Mara ya Pili

Kwa miaka tisa nilimjua baba mkwe wangu kwa mgongo.

Sisemi kwa ubaya. Kwa ukoo wa mume wangu, ambao ni watu wa Nyambureti kule Serengeti, mzee hakai akitazamana na mkamwana wake. Akija kwetu Turwa, hapa Tarime, alikuwa anachukua kiti cha mbao, anakiweka barazani, anakigeuza kitazame njia, ndipo anakaa. Mimi nikitoka mlangoni napiga magoti nyuma yake nasema, "Shikamoo baba," naye anaitikia marahaba akiwa anawaangalia wapita njia. Chai naiweka kwenye kigoda pembeni yake. Akitaka kitu anamwambia mume wangu, na mume wangu akiwa hayupo anaiambia hewa: "Naona nyumba hii chumvi imepungua." Nami naleta chumvi.

Mwanzoni desturi hiyo ilinikera kweli. Mimi ni mtu wa Mbinga, na kwetu baba mkwe anakaa na wewe jikoni, mnakula mahindi ya kuchoma, anakusimulia uongo wa ujana wake mpaka mbavu zinauma. Tarime nililetwa na serikali, barua ya ajira mkononi, mtaalamu wa maabara ambaye hakuwahi kuvuka Dodoma. Nililia kwenye basi tangu Singida. Mume nilimkutia hukuhuku, na baba mkwe nikampata kwa upande wa nyuma. Nilimwambia mume wangu kwamba siku nikipotelewa na baba yake sokoni, itabidi niwaombe wazee wote wageuke.

Kazini nako nina sifa yangu. Wauguzi wakiniona natoka maabara na fomu mkononi wanaanza kuangalia saa ya ukutani, maana wanajua ninachokuja kuuliza. Damu imechukuliwa saa ngapi? Maumivu yameanza saa ngapi? Fomu isiyo na muda nairudisha, hata kama imeletwa na daktari, hata kama daktari huyo ana haraka ya kwenda kula. Wanasema nina roho mbaya. Sina roho mbaya, nina hasira tu, na hasira hiyo ina sababu yake.

Ndani ya nyuzi za msuli wa moyo kuna protini inayoitwa troponini. Moyo ukiwa mzima inakaa humohumo, na kwenye damu unakuta kidogo sana au hukuti kabisa. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, msuli unaumia, nyuzi zinaachia, na troponini inavujia kwenye damu. Hapo ndipo sisi wa maabara tunaikamata. Shida yake ni kwamba haina haraka. Inachukua saa kadhaa mpaka iwe nyingi ya kuonekana. Mtu anaweza kufika kwako moyo wake unakufa kipande kwa kipande, ukampima, mashine ikakujibu kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo kama maumivu ni ya muda mfupi, kipimo cha kwanza hakitoshi kumruhusu mtu aende nyumbani. Unasubiri, unachukua damu ya mara ya pili, unalinganisha. Bila kujua muda, namba uliyonayo haina maana.

Haya yote niliyajua vizuri asubuhi ile. Nataka hilo lieleweke.

Kulikuwa na manyunyu na ile baridi ya Tarime inayowafanya wageni waombe uhamisho wiki ya kwanza. Mume wangu alishakwenda Sirari, ambako ni wakala wa forodha, na malori ya mpakani hayamsubiri mtu. Watoto walishakwenda shule. Baba mkwe akafika bila taarifa, kama kawaida yake. Alikuwa ameshuka barabarani na gunia la wimbi, akalibeba mwenyewe begani kupanda kile kilima chetu mpaka mlangoni. Nikasikia gunia linatua. Nikasikia kiti kinageuzwa. Saa yangu ilionyesha saa moja na nusu.

Nikatoka na chai, nikapiga magoti, nikasalimia.

"Marahaba," akasema, lakini neno halikufika mwisho vizuri.

Nikarudi ndani kuchukua viazi. Nilipotoka tena, chai ilikuwa haijaguswa, na shati lake, ambalo dakika chache kabla lilikuwa na matone machache tu ya manyunyu, lilikuwa limelowa tangu shingoni mpaka kwenye mkanda. Pale barazani mvua haifiki. Mtu aliyekaa kwenye baridi ile hatoki jasho namna hiyo.

Hadi leo naishukuru desturi ile iliyoniweka nyuma ya yule mzee. Angekuwa ameniangalia usoni, angenidanganya. Wanaume wa rika lake walitahiriwa wamesimama mbele ya watu bila kupepesa jicho, na tangu siku ile hawajapepesa tena. Uso wake una mafunzo ya miaka hamsini ya kuficha maumivu. Mgongo haukupewa mafunzo hayo.

"Baba, unaumwa?" nikauliza, nikijua kabisa si mimi wa kuuliza.

"Gunia lilikuwa zito," akaiambia njia. "Ni kiungulia tu."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, anaufumba na kuufumbua.

Niliingia ndani nikampigia mume wangu simu, nikamwambia baba yako anatakiwa hospitali sasa hivi. Akampigia mzee. Nilimsikia kutoka dirishani: "Nimeleta wimbi. Sikuja kulazwa." Kisha mume wangu akanipigia mimi. "Tata amekataa," akasema, kama vile sikusikia. Hasira za kwetu Mbinga zikanipanda.

"Mwambie nimeshachelewa kazini," nikasema, "na siondoki hapa bila yeye. Serikali ikinifukuza, atajibu yeye."

Baba mkwe wangu anaogopa vitu viwili tu hapa duniani, nzige na mtumishi wa serikali anayechelewa kazini. Alisimama polepole, mkono ukiwa ukutani.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, kwa sababu hawezi kubanana na mimi kwenye bajaji moja. Yake mbele, yangu nyuma. Nilimsikia akimwambia yule kijana dereva, "Mura, polepole," na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mzee huyu hajawahi kumwomba mtu yeyote apunguze mwendo. Njia nzima niliukodolea macho ule mgongo, nikimwomba Mungu usiegemee upande.

Hospitali tulipokelewa na muuguzi wa zamu, mwanaume wa makamo kutoka Tanga, mtani wangu mkubwa. Namshukuru Mungu kwamba zamu ilikuwa yake. Mimi nisingeweza kumpa mzee mkono, sembuse kumfunga mpira na kumchoma sindano. Muuguzi akamfungua shati, akamchukua damu, akampima umeme wa moyo. Daktari akaikagua ile karatasi akasema haionyeshi kitu cha kukatia shauri. Akampa aspirini aitafune, tusubiri damu. Akamuuliza maumivu yameanza lini.

"Nikishusha gunia," mzee akasema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamtajia muuguzi saa.

Fomu iliyonijia siku ile ilikuwa fomu bora kuliko zote nilizowahi kupokea. Maumivu, saa moja na nusu. Damu, saa mbili na nusu. Nikaizungusha damu kwenye mashine ijitenge, nikaiweka kwenye kile kimashine chetu kidogo, nikasimama hapo robo saa nzima bila kukaa. Namba ikatoka iko chini kabisa.

Hapo nikafanya kosa ambalo angelifanya mtu mwingine ningemfokea mpaka akaombe uhamisho. Nilifurahi. Nilifurahi kama mke wa mtu, si kama mtu wa maabara. Nikatoka mbio nikamwambia muuguzi, "Mwambie baba damu iko safi," naye akaenda akamwambia.

Nikarudi kuandika majibu kwenye daftari. Namba ya mgonjwa, kipimo, jibu. Kalamu ikafika kwenye safu ya muda, ikasimama. Kati ya gunia na sindano ilikuwa imepita saa moja tu! Damu ile haikuwa na habari yoyote bado. Mimi ninayerudisha fomu za madaktari nilikuwa nimemtumia baba wa mume wangu salamu za uongo, na daktari alikuwa ndiyo kwanza anaandika: rudia baada ya saa tatu.

Nilipofika wodini mzee alikuwa anafunga kamba za viatu. Gari la Serengeti linaondoka saa nne, na ng'ombe hawajui kitu kinachoitwa kurudia kipimo. Daktari alimweleza. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, kisha akaendelea na kamba.

"Daktari, anayepima damu ni mkamwana wangu," akasema. "Amesema safi. Huyo hajawahi kunidanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamvuta muuguzi pembeni nikamwambia, mwambie nimekosea, nimesema mapema. Akaenda, akarudi.

"Anasema asante sana, lakini anajua watu wa hospitali mnapenda kulaza watu," akaniambia. "Dada, huyu mzee anaondoka."

Nilimwona anasimama. Nilijua akipanda gari lile atakuwa katikati ya vilima, mbali na daktari yeyote, saa ambayo moyo wake utaamua kusema ukweli. Sikuwa na mamlaka ya kumshika mkono. Sikuwa na ruhusa hata ya kusimama mbele yake. Nikakimbilia kitu pekee nilichojua kinaweza kumzuia.

Kwao, mkamwana akishamchinjia mkwe wake kuku, mkwe haondoki bila kula. Akiondoka, ametangaza kwamba mwanamke huyo ana kasoro kiasi cha chakula chake kutolika, na wanawake wa Nyambureti wataichambua kasoro hiyo mpaka masika mengine.

"Mwambie kuku ameshachinjwa," nikasema.

Muuguzi akanitazama toka juu mpaka chini. "Kuku gani, dada? Si uko hapa na koti jeupe?"

"Yuko jikoni. Wa kienyeji, mgumu. Haivi kabla ya saa sita. Nenda kaka, nakuomba."

Ukweli ni kwamba kuku huyo alikuwa nyuma ya nyumba yangu Turwa, mwekundu, mzima wa afya, anaparura bustani ya mchicha wangu. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Muuguzi akautoa ule ujumbe kwa Kiswahili chake laini cha Tanga, hadi na umri wa kuku akautaja, mwongo yule, Mungu ambariki.

Nilichungulia kwenye upenyo. Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaangalia mlango wa kutokea. Kisha akakaa kitandani. Akainama akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga chini ya kitanda.

"Basi," akasema, "nitangoja kuku."

Zile saa zilizobaki sijui nilifanya nini. Najua nilipima mikojo ya watu na malaria za watu, na kila nikipata nafasi nilipita wodini. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, mgongo kwangu. Nilikuwa nauhesabia pumzi. Nilifikiria huko nilikoanzia kazi, kwenye kituo kidogo ambacho hakikuwa na kipimo hiki, tulivyokuwa tukiwapa wazee kama huyu dawa ya kiungulia na kuwatakia safari njema. Sijui wangapi walifika nyumbani. Nilikitazama kile kimashine mezani pangu, ambacho nimekitukana mara nyingi kikigoma, nikakiomba msamaha kwa sauti. Mwenzangu wa maabara alidhani naongea na simu.

Saa tano na nusu kamili muuguzi akachukua damu ya mara ya pili. Sikuwaachia wengine. Niliizungusha mwenyewe, nikaiweka mwenyewe, na safari hii nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

Namba ikatoka. Ilikuwa imepanda mara nyingi kuliko ile ya kwanza, imeuvuka mpaka wa kawaida na kuendelea. Moyo wa mzee ulikuwa unaumia tangu lile gunia, na ulikuwa na tabia zilezile za mwenyewe, hausemi mpaka uulizwe, na uulizwe mara mbili. Nililia, nikaandika namba, nikaandika muda, nikaweka sahihi, nikamkimbilia daktari. Hakuna majibu niliyowahi kuyapeleka kwa shukrani kama yale majibu mabaya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Sindano ya kuzuia damu isigande, simu kwa hospitali ya rufaa Mwanza, gari la wagonjwa kuwekwa mafuta. Mume wangu akafika kutoka Sirari na vumbi la malori kwenye nywele. Walipokuwa wanamtoa mzee kwenye machela nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi za rufaa, na hakukuwa na pa kupishana. Mtu aliyelazwa chali hana mgongo wa kukuonyesha. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu, sawa kabisa na ya binti yangu mkubwa, na mimi tangu azaliwe nilikuwa najiuliza mtoto huyu macho ameyatoa wapi. Akayafumba taratibu, kwa heshima yangu.

Mwanza walimzibua mshipa wa moyo. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi Nyambureti na mfuko wa dawa na amri ya kutobeba gunia tena maisha yake yote, amri ambayo naambiwa anaijadili na kila anayepita. Mume wangu alikuwa ananiletea salamu. "Tata anasema asante." Nami nilikuwa narudisha salamu. Lakini usiku na mchana lilinikaa moyoni lile neno, hajawahi kunidanganya. Ndani ya siku moja nilikuwa nimemdanganya mara mbili, moja kwa furaha na moja kwa hofu. Nilikuwa nashukuru kwamba yu hai, na nilikuwa naona aibu, na vyote viwili vilikaa pamoja kwenye kifua changu bila kugombana.

Alikuja miezi minne baadaye, Jumamosi mchana, mikono mitupu. Mume wangu alikwenda kumpokea barabarani. Nilipoona wanapanda kilima polepole, mzee akisimama kila baada ya hatua kadhaa kama daktari alivyomwagiza, nilikwenda nyuma ya nyumba nikamkamata yule kuku mwekundu. Hakukuwa na mjadala. Nilimchinjisha kwa jirani, nikamnyonyoa, nikabandika sufuria, nikasonga ugali wa wimbi, wimbi la lile gunia.

Kiti nilikisikia kinawekwa barazani. Nikachukua chai, nikatoka, nikapiga magoti nyuma yake kama siku zote.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Mume wangu, aliyekuwa ameegemea nguzo, akanitazama, nami nikamtazama. Mzee akasimama. Akashika kiti kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akakigeuza kikatazama mlango, akakaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akiniangalia.

Sikujua niweke wapi macho yangu. Nikayaweka kwenye kikombe.

"Siku ile hospitali," akasema, "hakukuwa na kuku."

"Hakuwepo, baba," nikasema. "Nisamehe."

"Nilijua. Koti lako jeupe lilikuwa linaonekana chini ya pazia tangu asubuhi. Nikajiuliza, huyu kuku anapikwa na nani?"

"Sasa baba, kama ulijua, mbona ulikaa?"

Alifikiri kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, umetulia.

"Miaka yote uliyokaa kwetu hujanidanganya hata kwa chumvi," akasema. "Nikasema, kama huyu leo amefika mahali pa kunidanganya mbele za watu, basi mimi ni mgonjwa sana. Nikavua viatu."

Nilibaki pale chini magotini, machozi yananitoka, mume wangu anajifanya anaangalia mabati. Mzee akanyoosha mkono akapokea kikombe. Kisha akainua pua kuelekea jikoni.

"Na wa leo," akauliza, "amechinjwa kweli?"

"Amechinjwa, baba."

"Lete nimwone."